Mafuta ya ndege ndogo: mwongozo kamili kwa rubani anayeruka kutoka Wilson

Injini ya ndege ikizimika angani kwa kukosa mafuta, fundi akija kuifungua kesho yake hakuti cha kutengeneza. Plagi ni safi, silinda ni nzima, kabureta haina tatizo. Kilichokosekana ni kitu ambacho rubani alikuwa na nafasi ya kukijua akiwa bado amesimama chini, kijiti cha kupimia mkononi. Ndiyo maana ajali za aina hii huniuma kuliko nyingine zote.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa urubani pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, wa mwenye leseni ya binafsi anayekodi ndege ya klabu Jumamosi, na wa mwenye Cessna au Piper yake mwenyewe. Nitatumia safari moja tangu mwanzo hadi mwisho: Wilson hadi Malindi kwa Cessna 172N yenye matangi ya kawaida. Takwimu za ndege yako zimo katika kitabu cha ndege yako, na hizo ndizo za kufuata. Hapa nataka uone jinsi hesabu inavyokwenda.

Kabla ya hatua zote: mafuta ni ya nani?

Kiambatisho cha 2 cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kinampa rubani mkuu uamuzi wa mwisho juu ya ndege anayoiongoza. Kiambatisho hicho hicho kinamtaka, kabla ya kuruka, ajue habari zote zilizopo za safari yake: hali ya hewa, mahitaji ya mafuta, na njia nyingine ya kufuata iwapo safari haitakamilika kama ilivyopangwa. Hakuna mahali panaposema wajibu huo unahamia kwa kijana wa lori la mafuta, kwa fundi, kwa mwenye ndege au kwa aliyeirusha jana.

Nililijua hilo kwa maneno muda mrefu kabla sijalielewa. Nikiwa bado na saa chache mno kwenye daftari langu la safari, mwenzangu aliyeirudisha ndege aliniambia, "Kaka, imejaa, nilijaza jana jioni." Nikapanda, nikafungua kifuniko, nikaona uso wa mafuta ukimetameta chini kidogo ya mdomo wa tangi. Nikafunga. Kijiti kilikuwa kwenye mfuko wa nyuma ya kiti, sikukigusa. Nilipotua Nanyuki nikapima kabla ya kurudi, na kijiti kikaonyesha lita 22 pungufu ya hesabu yangu. Hakuna aliyenidanganya. Ndege ililala mahali penye mteremko, bawa moja chini kuliko jingine, na swichi ya matangi iliachwa kwenye BOTH, yaani matangi yote mawili yakiwa wazi pamoja. Usiku kucha mafuta yalishuka kutoka tangi la juu kwenda la chini, na yaliyozidi yakamwagika nje kupitia bomba la kupumulia. Mafuta ya kurudi yalikuwepo, lakini yalikuwepo kwa bahati, na tangu siku hiyo neno "imejaa" nalipokea kama salamu tu: naitikia, kisha nachukua kijiti.

Hatua ya 1: Ijue ndege yako kwa lita, kisha kwa dakika

Matangi ya 172N hubeba galoni 43 za Marekani, lakini zinazoweza kufika kwenye injini ni 40. Zile 3 za chini si akiba. Ndege ikipinda kidogo tu hazifikiki. Galoni 40 ni lita 151, na hiyo ndiyo namba ya kuibandika kichwani.

Hapa kwetu vipimo vinagongana. Lori la mafuta linauza kwa lita. Kitabu cha Cessna kinaandika galoni za Marekani, ambayo kila moja ni lita 3.785. Ukikuta karatasi ya zamani yenye galoni za Uingereza, kila moja ni lita 4.546, na tofauti hiyo kwenye galoni 40 ni lita 30. Karatasi ya uzito nayo inaweza kuwa ya kilo au ya pauni. Chagua kipimo kimoja, andika hesabu yote kwa hicho, na geuza mara moja tu, mwanzoni, kwa kalamu. Tarehe 23 Julai 1983, Boeing 767 ya Air Canada iliishiwa mafuta ikiwa juu sana angani Kanada kwa sababu uzito wa mafuta ulikokotolewa kwa namba ya pauni pale palipotakiwa kilo. Kapteni Bob Pearson alikuwa na uzoefu wa kurusha ndege zisizo na injini, akaishusha salama Gimli, kwenye uwanja wa zamani wa jeshi uliokuwa umegeuzwa wa mashindano ya magari. Watu wengi walishiriki katika hesabu ile, wote wazoefu.

Sasa geuza lita kuwa muda. Kwa mfano wetu injini inakula lita 34 kwa saa, kama galoni 9. Lita 151 ni saa 4 na dakika 26. Kuanzia hapo usiniambie una nusu tangi, niambie una dakika ngapi.

Hiyo 34 usiitoe kitabuni peke yake. Kitabu kiliandikwa kwa ndege mpya na rubani wa majaribio. Pima ndege yako: jaza hadi alama, ruka, jaza tena hadi alama ile ile, gawanya lita kwa saa. Rudia safari tano au sita, kisha tumia ile iliyokula zaidi.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya safari, na ukubali jibu

Wilson hadi Malindi kwa mstari ulionyooka ni takriban maili 230 za baharini. Ndege yetu inakwenda noti 105, yaani maili 105 za baharini kwa saa. Ukielekea pwani, upepo huwa mbele yako au ubavuni kwa sehemu kubwa ya mwaka: kusi inakupiga puani moja kwa moja, kaskazi inakuja kutoka kushoto. Tuseme upepo wa mbele ni noti 15. Kasi ya ardhini inabaki 90, na safari inachukua saa 2 na dakika 33.

Kuwasha, kutembea hadi njia ya kurukia na kujaribu injini: lita 4.
Nyongeza ya kupanda: lita 6.
Safari yenyewe: lita 87.
Kwenda kiwanja mbadala, Mombasa, maili 57 kutoka Malindi: lita 20.
Akiba ya mwisho ya saa nzima: lita 34.

Jumla ni lita 151. Tangi lote, bila tone la ziada.

Kanuni, zikifuata Kiambatisho cha 6 cha ICAO, zinataka akiba ya dakika 30 mchana na 45 usiku kwa anayeruka kwa kuona. Mimi huweka saa nzima, na ninamshauri kila rubani wa ndege ndogo afanye hivyo. Dakika 30 kwa injini yetu ni lita 17. Gawanya hizo kwenye matangi mawili mapana, lita 8 na nusu kila upande. Kijiti hakiwezi kukuonyesha kiasi hicho kwa uhakika na geji ndiyo kabisa haiwezi. Akiba usiyoweza kuipima haifai kutegemewa.

Tuangalie uzito. Lita 151 za avgas, petroli ya ndege za pistoni, kwa kilo 0.72 kila lita, ni kilo 109. Uzito wa juu wa kuruka wa 172N ni pauni 2,300, yaani kilo 1,043. Ikiwa ndege tupu ina kilo 660, zinabaki kilo 383, na ukitoa mafuta, 274 kwa watu na mizigo. Hao ni watu wazima watatu wa kilo 80 na begi za kilo 34. Mtu wa nne akipanda, hata bila begi, umezidi kilo 46.

Na hapa ndipo kishawishi kinapoingia. Kuna harusi Malindi, mjomba amelipia, viti ni vinne. Mtu atakwambia, "Si upunguze mafuta kidogo?" Kilo 46 za mafuta ni lita 64, na lita 64 ni saa 1 na dakika 53 za kuruka. Huo ndio ukubwa wa "kidogo" anachokuomba. Jibu ni la heshima na ni fupi: "Mjomba, samahani, mmoja wetu atapanda SGR, tutampokea Mombasa." Mwambie siku moja kabla. Ukingoja hadi watu wamesimama kando ya bawa wamevaa nguo za harusi, utashindwa kulisema.

Jambo jingine la njia. Wengi wetu hatupendi kukata nyika ya Tsavo Mashariki kwa injini moja. Tunafuata barabara ya Mombasa na reli hadi Voi, kisha tunageuka kwenda Malindi. Ni uamuzi mzuri, lakini una bei. Njia hiyo ni maili 256 hivi. Maili 26 za ziada kwa noti 90 ni dakika 17, kama lita 10. Jumla inakuwa 161, na tangi ni 151. Kisheria bado unaruhusiwa kuondoka, maana ukiweka akiba ya dakika 30 tu jumla ni 144. Mimi siku hiyo siondoki kwa njia ya Voi. Nangoja siku ambayo upepo wa mbele ni noti 5: kasi ya ardhini inakuwa 100, maili 256 zinakula lita 87, na hesabu inarudi palepale 151. Au natafuta mahali pa kujaza njiani, nikiwa nimepiga simu na kuzungumza na mtu aliyeyaona mafuta hayo kwa macho siku ile. Nje ya Wilson usichukulie kwamba avgas ipo kwa sababu ilikuwepo mwezi jana.

Ukirudi Nairobi hesabu ni nyingine. Upepo unakusaidia, lakini unapanda kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo nyongeza ya kupanda iwe mara mbili. Na Wilson kwenyewe, Julai na Agosti, mawingu ya asubuhi hulala chini hadi jua lipate nguvu. Mtu akikwambia kiwanja chake mbadala ni Jomo Kenyatta, muulize mawingu yaliyoko Lang'ata yamekosa nini hadi yasiwepo Embakasi. Kiwanja mbadala lazima kiwe chini ya anga nyingine: bondeni kama Magadi, au nyuma yako kama Voi.

Hatua ya 3: Simama pale ndege inapojazwa

Wilson ina hatari yake ya pekee. Cessna Caravan za kampuni, zinazotumia mafuta ya jeti, Jet A-1, na ndege zetu ndogo za pistoni zinazotumia avgas hukaa bega kwa bega, na malori ya mafuta ya aina zote mbili yanapita katikati yao. Jet A-1 ndani ya injini ya pistoni haizuii injini kuwaka. Mafuta ya avgas yaliyobaki kwenye mirija na kabureta yatakubeba hadi njia ya kurukia, pengine hadi juu ya mabati ya kwanza, ndipo silinda zianze kupasuka kwa joto.

Kwa hiyo usiagize ukaenda kunywa chai. Simama pale. Taja aina, kiasi na mgawo kwa sauti: "Avgas, lita sitini, thelathini kila bawa." Soma kibandiko cha lori; cha avgas ni chekundu, cha mafuta ya jeti ni cheusi. Hakikisha waya wa kuondoa umeme tuli umeunganishwa na ndege kabla kifuniko hakijafunguliwa. Soma mita ya lori kabla na baada. Ukiona mdomo wa bomba ni mpana, umebanwa kama mdomo wa bata, huo ni wa mafuta ya jeti. Simamisha kazi hapo hapo. Risiti ikitoka, soma jina la mafuta kabla ya kusoma bei.

Vifuniko funga mwenyewe. Kifuniko kilicholegea juu ya bawa hunyonywa na hewa, na mafuta hutoka kwa namna ambayo rubani wa Cessna hawezi kuiona kutoka kitini kwake. Pitisha kidole kwenye raba yake. Ikiwa imekauka na kupasuka, mvua ya usiku imeingia tangini.

Hatua ya 4: Kijiti na kikombe

Ndege iwe mahali tambarare. Kijiti kiwe cha ndege hiyo hiyo, maana kila aina ina alama zake, na kijiti cha 172 yenye matangi marefu kitakudanganya kwenye yenye matangi ya kawaida. Kitumbukize wima hadi kigonge chini, kitoe, soma haraka kabla unyevu haujakauka. Fanya hivyo mara mbili kila tangi. Andika namba, jumlisha, kisha linganisha na hesabu ya aliyekutangulia. Zikitofautiana kwa zaidi ya lita 5, kuna kitu hujakijua, na ndege haiondoki hadi ukijue.

Geji za kwenye dashibodi zitazame mwisho. Kanuni za utengenezaji zinazitaka zisome sifuri pale mafuta yanayotumika yanapokwisha. Katikati ya hapo, hasa kwenye ndege zilizozeeka, sindano hucheza na kila tikisiko. Hata hivyo, geji inayoshuka haraka kuliko hesabu yako usiipuuze kwa kisingizio kwamba geji ni mbovu siku zote. Inaweza kuwa ndiyo ya kwanza kukuambia kuna uvujaji.

Sasa kikombe. Avgas 100LL ni ya buluu. Toa sampuli chini ya kila tangi na kwenye kichujio cha injini, kabla ndege haijasukumwa wala kutikiswa, maana maji ni mazito kuliko mafuta na yanahitaji muda wa kutulia chini. Inua kikombe kielekee anga. Maji yanaonekana kama tone la kioo linaloteleza chini ya buluu, lina ukingo wake na halichanganyiki. Ukigeuza kikombe, tone linazunguka chini kama gololi.

Kuna mtego hapa unaowanasa hata wazoefu. Ikiwa kikombe chote ni maji, hakuna ukingo wa kuona. Kila kitu ni safi, kinang'aa, hakina rangi, na rubani mwenye haraka anasema ni safi kweli. Jiulize swali moja: je, ni buluu? Asubuhi ya mwezi wa Novemba, baada ya mvua ya usiku wa vuli, niliwahi kutoa vikombe vitatu mfululizo visivyo na rangi kutoka bawa la kulia la ndege iliyokuwa imeegeshwa nje. Cha nne kilikuja nusu kwa nusu. Nilitoa kumi na moja kabla buluu haijatulia, nikamwita fundi, na safari ya siku hiyo ikaishia hapo.

Ukishuku mafuta ya jeti yamechanganyika, dondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Avgas hukauka na kupotea. Jet A-1 huacha duara la mafuta. Nusa pia. Harufu ya mafuta ya taa kila Mkenya anaijua.

Hatua ya 5: Kishikio chekundu

Wilson iko futi 5,500 na zaidi juu ya bahari. Mchana wenye nyuzi 25, hewa inakuwa nyepesi kama iliyoko futi 8,000. Ukisukuma kishikio chekundu cha mchanganyiko mbele kabisa na kukiacha hapo, kama ulivyosoma katika kitabu kilichoandikwa na mtu wa usawa wa bahari, injini inapata mafuta mengi kuliko hewa. Inapoteza nguvu wakati wa kuruka na inakula mafuta ambayo hukuyapangia.

Jaribu injini, punguza mchanganyiko taratibu hadi mizunguko ifike kilele, kisha ongeza kidogo kama kitabu chako kinavyoelekeza. Ukishatulia kwenye kimo chako, rekebisha tena. Chukulia umesahau, na injini inakula lita 41 badala ya 34. Kwa saa mbili na nusu umepoteza lita 17 na nusu, na akiba yote ya kisheria imetoka kwa bomba la moshi. Ukianza kushuka kuelekea pwani, urudishe mchanganyiko mbele hatua kwa hatua, la sivyo injini itakosa mafuta huku matangi yakiwa nayo.

Hatua ya 6: Angani, andika

Kila dakika 30 andika mambo manne: saa, mahali, kasi ya ardhini, na lita zilizobaki kwa hesabu. Tumia mfumo mmoja tu wa saa kwenye karatasi. Sisi tunaosema saa mbili asubuhi, huku saa ya mkononi ikionyesha 8 na mnara ukizungumza saa 5 ya Zulu, yaani saa ya kimataifa ya UTC, tunaweza kupoteza saa nzima kwenye karatasi kwa kuchanganya. Mimi huandika Zulu peke yake.

Ukiwa na Piper Cherokee, hakuna BOTH. Ni kushoto au kulia, na wewe ndiye unayehama. Hama kila nusu saa, pampu ya umeme ikiwa imewashwa, ukiwa kimo kizuri na karibu na mahali pa kutua. Chagua tangi lenye mafuta zaidi kabla ya kujaribu injini chini, ili tangi utakalorukia liwe ndilo lililojaribiwa. Ukikaribia kutua, usiguse tena. Mkono uende kwenye swichi kwa macho, si kwa kupapasa. Oktoba 1997 mwanamuziki John Denver alikufa kwenye ndege ndogo ya kujitengenezea ambayo swichi yake ya tangi ilikuwa nyuma ya bega la kushoto la rubani. Kabla ya kununua au kukodi ndege, kaa kitini, funga mkanda, na ujaribu kama unaifikia swichi bila kupinda mwili.

Chagua mahali pa kuamua kabla hujaondoka. Kwa njia ya barabara, pangu ni Voi, maili 163 kutoka Wilson. Siku ya upepo wa noti 5 natakiwa niwe hapo baada ya saa 1 na dakika 38. Tuseme nimefika baada ya saa 1 na dakika 49, yaani upepo ni noti 15 baada ya yote. Nina lita 79. Malindi iko maili 93 mbele, dakika 62, lita 35. Nitafika na 44, na nikitoa 20 za kwenda Mombasa zinabaki 24, dakika 42. Sheria haijavunjwa, ila akiba yangu ya saa nzima imevunjwa. Nikigeuka kwenda Mombasa badala yake, ni maili 72, lita 27. Nafika na 52, nikitoa mbadala zinabaki 32. Kwa hiyo nimeshaandika kwenye karatasi, nikiwa bado Wilson na kichwa kimetulia: nikichelewa Voi zaidi ya dakika 10, naenda Mombasa. Pale juu sibishani na mtu, nasoma nilichoandika.

Hatua ya 7: Sema mapema, sema wazi

ICAO imeweka maneno mawili ya kutumia redioni. MINIMUM FUEL husemwa pale ambapo umeshajifunga kutua kiwanja fulani na ucheleweshaji wowote unaweza kukufanya utue ukiwa umeigusa akiba ya mwisho. Neno hilo halikupi kipaumbele. Linamjulisha mwongoza ndege aliye chini kwamba huna nafasi ya kungoja. MAYDAY MAYDAY MAYDAY FUEL husemwa pale hesabu inapoonyesha kwamba hata kwenye kiwanja salama kilicho karibu zaidi utatua ukiwa chini ya akiba ya mwisho. Hapo ndipo kila mtu anakupisha.

Tarehe 25 Januari 1990, ndege ya Avianca namba 52 ilingojeshwa njiani kuelekea New York kwa jumla ya zaidi ya saa moja. Marubani walitaja kipaumbele, wakataja kwamba mafuta yanaisha, lakini neno la dharura halikutamkwa. Ilianguka Cove Neck, na watu 73 wakafa.

Nalitaja kwa sababu ya malezi yetu. Sisi tumefunzwa kuomba kwa upole, kuanza na samahani, kutomsumbua mkubwa. Ni adabu njema, na nyumbani naidai kwa watoto wangu. Redioni inaua. Mwongoza ndege hayuko ndani ya chumba chako kuona jasho. Anajua unachotamka tu. Tamka neno lenyewe, kisha dakika zilizobaki, kisha idadi ya watu. Barua ya kueleza utaiandika ukiwa umekaa mezani.

Hatua ya 8: Injini ikinyamaza

Kwanza kasi ya kuteleza: kwa 172N ni noti 65. Ukiwa umeitengeneza, elekeza pua mahali unapoweza kutua, ndipo mikono ianze: swichi kwenye BOTH au tangi jingine, mchanganyiko mbele, joto la kabureta, pampu kama ipo, sumaku zote mbili za kutoa cheche, kisaidizi cha kuwashia kimefungwa. Kila futi 1,000 ulizo nazo juu ya ardhi zinakupa kama maili moja na nusu. Juu ya Kapiti mahali pa kutua ni pengi. Juu ya Kibera au South B hakuna, na hiyo ni sababu tosha ya kutotegemea dakika 10 za mwisho za tangi wakati wa kurudi Wilson.

Hatua ya 9: Baada ya kutua

Hatua hii wengi huiruka kwa uchovu, nami naithamini kuliko wanavyodhani wanafunzi wangu. Abiria wakishashuka, begi zikishatolewa, rudi kwenye bawa na kijiti. Pima tena, kila tangi. Andika lita zilizobaki, saa ulizoruka, na tofauti kati ya ulichotabiri na ulichokuta. Ikiwa ulitabiri 54 na umekuta 49, namba yako ya lita 34 kwa saa si sahihi tena, au vali inavuja, au uliuacha mchanganyiko mbele. Irekebishe karatasi leo, kabla ya safari ya kurudi.

Kisha weka swichi kama kitabu cha ndege yako kinavyotaka kwa ndege iliyoegeshwa, funga vifuniko, na uache namba kwenye daftari la ndege, kwa lita, na tarehe na saa. Usiandike "imejaa". Andika: kushoto 26, kulia 23, imepimwa kwa kijiti, mahali tambarare.